Uso wa mtoto usiongezewe miaka

Barua za mwezi huu karibu zote zinanukia harusi. Kiangazi kimeingia, barabara za Bukavu, huku kwetu mashariki mwa Kongo, zimekauka, na kila Jumamosi magari yenye maua yanapanda na kushuka yakipiga honi mpaka jioni. Mnaoniandikia mnanijua kwa jina la Tantine. Ninapaka watu makiyaji mwaka wa 19 huu, katika chumba kimoja cha ghorofani pale Nyawera, chenye kioo kimoja na dirisha pana linalotazama barabara. Nimechagua barua nne. Ya pili nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kosa linaloogopwa humo niliwahi kulitenda mimi mwenyewe.

Jambo Tantine. Nina miaka 52. Mwaka jana kijana wetu wa kwanza alioa. Mchana kanisani nilikuwa vizuri, watu walinisifu. Picha za usiku zilipotoka, uso wangu ulikuwa kama umepakwa majivu, shingo na mikono vimebaki vyeusi. Mwezi wa nane binti yetu anaolewa. Nifanye nini? (Mama mkwe, Bagira)

Mama, hongera kwa mkwe wa kwanza na wa pili. Uso wako hauna kosa lolote. Uliharibiwa na vitu viwili, na vyote vinazuilika.

Cha kwanza ni flashi ya mpiga picha. Krimu nyingi zinazokinga jua zina zinki oksidi au titani dioksidi, nazo ni unga mweupe unaorudisha mwanga ulikotoka. Zipo pia poda laini sana zisizo na rangi, zilizotengenezwa kwa silika, ambazo wapakaji wanazimwaga usoni ili rangi isitembee. Kwa mwanga wa mchana hakuna anayeona kitu. Usiku flashi ikipiga, unga ule unawaka wote kwa pamoja, na shingo ambayo haikupakwa inabaki na rangi yake. Kwa hiyo siku ya binti yako, ukishamaliza kupakwa, funga pazia, mpe mtu wa nyumbani simu akupige picha moja kwa flashi gizani. Ukiona weupe, mwambie mpakaji apunguze poda hiyo kwa brashi safi kabla hamjatoka nyumbani. Ni kazi ya dakika moja. Mimi siku hizi simwachii mteja wa jioni ateremke ngazi bila picha hiyo.

Cha pili ni fondeteni, ile krimu ya rangi ya ngozi inayotangulia poda. Muuzaji alikupimia juu ya mkono, sivyo? Mkono haufanani na uso. Pima kwenye taya, karibu na shingo, kisha toka nje mlangoni, ngoja dakika kumi, ndipo uangalie. Rangi nyingine zinabadilika zikikauka. Na sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi tuna nyuso mbili katika uso mmoja: paji la uso na pembeni ya mdomo ni giza zaidi, mashavu yana mwanga. Rangi moja haitoshi. Ninachanganya mbili kwenye kisahani cha chai, na ninafuata rangi ya kifua, kwa kuwa gauni la jioni linaonyesha kifua na ndicho kitakachosimama karibu na uso pichani.

Kuchanganya hivyo si umaskini wetu wa Bukavu peke yetu. Eunice Johnson wa Chicago aliona wasichana weusi wa maonyesho yake ya mitindo wakikoroga rangi zao wenyewe, maana madukani hazikuwepo za kwao, na mwaka 1973 akaanzisha vipodozi vya Fashion Fair. Mwaka 2017 mwimbaji Rihanna alifungua vipodozi vyake, Fenty Beauty, kwa rangi 40 za fondeteni siku ya kwanza. Mimi madukani hapa napata tatu, nne, na ile ya giza kabisa ndiyo inayokwisha mapema. Kwa hiyo kisahani changu bado kina kazi.

Kwa miaka yako, mama, nakuomba jambo moja: usikubali poda uso mzima. Poda inaingia kwenye mistari ya macho na kukaa humo, na saa tatu usiku itakuwa imekuongezea miaka kumi. Mafuta mepesi kwanza, uyaache yanywewe na ngozi, kisha fondeteni kidogo kwa sponji lenye unyevunyevu, kwa kugonga, si kwa kusugua. Poda iguse paji la uso, pua na kidevu tu. Shavuni weka rangi ya tofali au zambarau iliyoiva. Ile waridi nyepesi ndiyo inayoleta majivu. Jichoni rangi ya shaba inapendeza sana na vikwembe vyetu, yaani vitenge, na taa za ukumbi zinaipenda. Nyusi zijazwe kwa vijistari vidogo kama nywele. Na mdomo, mama wa bibi harusi, mdomo uwe mwekundu kweli ukitaka. Nimewapaka mama wengi wa miaka hiyo ruji nyekundu iliyokolea, na wakisimama kucheza ukumbi wote unageuka. Beba kitambaa laini: ukitoka jasho, bonyeza, usifute.

Salamu Tantine. Binti yangu ana miaka 13. Mdogo wangu anaolewa, na binti amechaguliwa awe kati ya madamwazeli wanaotangulia maharusi kwa kucheza. Wenzake wawili wana miaka 17 na 19, watapakwa makiyaji kamili na kope za bandia, naye anataka vilevile. Baba yake amesema akimwona na ruji atamtoa kwenye mstari mbele ya watu. Juzi nilipofua shati lake la masomo nikakuta alama nyekundu ndani ya mkono wa shati. Nikajua anapaka njiani na kufutia humo kabla ya kufika nyumbani. Nimekaa kati ya mume na mtoto. (Mama, Panzi)

Mama wa Panzi, barua yako niliisoma nikaiweka, nikairudia usiku. Wacha nikusimulie kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kundi la madamwazeli sita. Wa mwisho alikuwa na miaka 12, mrefu, mtulivu, amekaa kwenye kiti changu miguu haijui iwekwe wapi. Shangazi yake alisema, "Mpake kama wenzake, picha zisitofautiane." Nami nikampaka. Kope ndefu. Mashavu nikayachonga kwa rangi ya giza mpaka ule uviringo wa kitoto ukapotea. Mdomo rangi ya divai. Nilipomgeuzia kioo hakucheka. Alijitazama kama anayemtazama mgeni. Mimi nilijipongeza; niliona kazi safi.

Jioni nilikuwepo ukumbini, nimekuja kumrekebisha bibi harusi. Nikamwona mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye suti, anamsogelea mama wa yule mtoto kwa adabu zote na kumwuliza, "Mama, huyu mdogo wako anasoma universite gani?" Mama akajibu, "Ni mtoto wangu. Yuko mwaka wa sita wa shule ya msingi." Yule mwanaume aliomba radhi, akaondoka haraka. Yule mama alibaki amesimama palepale, mkono umeshika shingo.

Jumatatu akaja kwangu. Hakupaza sauti. Alifungua kitenge, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakiweka mezani na kukifungua: ndani zimo zile kope mbili, zimekauka gundi, kama wadudu wawili. Akasema, "Dada, ulimwongezea miaka. Nilikuletea mtoto." Akaenda zake. Kope zile bado ninazo kwenye droo ya chini.

Sheria yetu ya 2009 ya kulinda mtoto inamhesabu kuwa mtoto mtu yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Lakini mgeni ukumbini hasomi karatasi ya kuzaliwa, anasoma uso. Nisiwape wenye tabia mbaya udhuru: mtu mzima anayemwandama mtoto ana hatia yake, mtoto awe amepakwa au hajapakwa. Hilo halipunguzwi na ruji. Ila mimi mwenye brashi nina la kujibu kwa uso niliouandika, na siku ile niliandika uwongo.

Sasa tuje kwa binti yako. Baba yake ana hofu, na hofu hiyo nimeiona kwa macho, siwezi kuicheka. Lakini kumtoa mtoto kwenye mstari mbele ya ukoo kutamfundisha kitu kimoja tu, kujificha vizuri zaidi. Tayari anajificha. Na ruji ile inayoshinda kwenye mfuko wa masomo huenda ni moja ya wasichana watano. Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi ya rangi yenyewe. Vile vidonda vya mdomo vinavyoanza kama malengelenge vinapita kwa ruji ya kuazimana, na vikishaingia havitoki kabisa, vinalala, vinarudi. Wanja na maskara ya kuazimana ndiyo njia ya macho mekundu darasa zima. Mwambie hilo kabla ya jambo lolote la adabu. Mtoto wa miaka 13 anaelewa kidonda upesi kuliko hotuba.

Jumamosi moja asubuhi, kabla ya harusi, kaa naye karibu na dirisha. Ninyi wawili tu. Usianze na "nimeona shati lako". Chukua kioo chako, mpe maji na sabuni isiyo kali, mwoneshe namna ya kunawa uso: mikono safi, maji ya uvuguvugu, kukausha kwa kubonyeza. Mpe mafuta mepesi. Kisha mwambie akuoneshe anachopenda kwenye uso wake mwenyewe. Usishangae akikaa kimya. Wengi wa umri huo wanaweza kukutajia makosa saba ya uso wao na wasitaje uzuri mmoja. Wewe mtajie. Labda ana nyusi za bibi yake, labda ana kidoti karibu na mdomo. Fondeteni nzito ingevifunika vyote.

Siku ya harusi, kwa miaka 13, mimi ningempaka hivi: ngozi ibaki ngozi. Hakuna fondeteni. Kama ana doa linalomsumbua, nukta moja ya rangi ipigwe juu ya doa hilo tu na kusambazwa kwa ncha ya kidole. Nyusi zichanwe kwa brashi yenye vazelini kidogo, zisinyolewe. Nyusi za mtoto zikichongwa nyembamba mara kwa mara, nyingine hazioti tena vizuri. Kope zake mwenyewe zikunjwe kidogo, basi. Mdomoni glosi yenye rangi ya ufizi wake. Kama unapenda ang'ae pichani, weka mng'ao kidogo wa dhahabu juu ya mfupa wa shavu, kitu ambacho mtu anaona mtoto akicheza na hakioni akisimama. Uzuri mwingine wote uweke kwenye nywele, gauni na viatu vya kuchezea. Nywele zilizosukwa vizuri zinampa msichana heshima ambayo hakuna poda inayoweza kuileta, na siku hiyo hakuna atakayehesabu nani ana kope.

Wale wa miaka 17 na 19 wasilazimishwe wafanane naye, wala yeye nao. Picha zitatofautiana, ndiyo. Ziache zitofautiane.

Kuhusu baba. Usimfanyie jambo hili nyuma ya mgongo. Siku ile ya Jumamosi, mtoto akiwa na glosi yake, mwite baba aje atazame. Akina baba wengi wakisikia "makiyaji" wanaona ule mdomo wa divai nilioupaka mimi. Baba mmoja wa Nguba aliletwa chumbani kwangu hivyo, akamtazama binti yake dakika nzima, akauliza, "Umempaka wapi?" Mama yake akamwonesha mdomo. Baba akasema, "Huyo bado ni wangu," akatoka. Huo ndio mpaka ninaoutumia: baba akikutana naye barabarani amwite kwa jina lake bila kusita.

Na masomo ni masomo. Sare ya bluu na nyeupe haiendi na ruji, shule nyingi zinakataza, na hapo mimi niko upande wa shule. Mpe vazelini midomo isipasuke na vumbi la kiangazi. Atakuuliza ataanza lini. Mpe jibu, usimwambie "ukikua". Mimi kwa binti yangu nilisema: glosi kwa sherehe ukiwa na 13, wanja na poda kidogo ukifika 16, uso wa jioni kamili ukishapata diploma yako ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Aliudhika wiki mbili. Kisha akawa anahesabu.

Tantine, mimi niko na miaka 16. Nina chunusi kwenye paji la uso na mashavuni, na fondeteni inazionesha zaidi. Kuna mama anatuuzia krimu anayoichanganya mwenyewe, anaipima kwenye kikopo cha yoghurt. Rafiki yangu ameipaka wiki tatu, amekuwa mweupe na chunusi zimekwisha. Niipake? (Msichana wa Kadutu)

Hapana, binti yangu. Usiipake hata usiku mmoja.

Ninajua kilichomo kwenye vikopo vile kwa sababu mikono yangu imewahi kuvitumia. Nilikuwa na miaka 17. Nilipaka mkorogo wa kwangu miezi minne, nikawa wa rangi ya chai ya maziwa, wavulana wakanigeukia. Mpaka leo vifundo vya vidole vyangu vya mkono ni vyeusi kama usiku, na wateja wakiviona wananyamaza. Najua wanachokifikiri. Nimeacha kuvificha, maana wasichana kama wewe wanahitaji kuviona.

Mkorogo kama huo mara nyingi una klobetasoli, dawa kali ya ngozi ambayo daktari hutoa kwa siku chache kwa ugonjwa maalumu. Inatuliza wekundu haraka, ndiyo maana chunusi za rafiki yako zimejificha. Ikipakwa wiki kwa wiki inakondesha ngozi, mishipa inaonekana, alama za kupasuka zinatokea, na siku ukiacha chunusi zinarudi kwa wingi. Huenda ina haidrokwinoni, ambayo Ulaya iliiondoa kwenye krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Ikizidi inaleta madoa ya bluu nyeusi kwenye mashavu, na hayo ni magumu sana kuondoka. Na kuna zebaki. Zebaki inaumiza figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi wanachama, kufikia 2020, ziache kutengeneza, kuingiza na kuuza nje krimu zenye zaidi ya milligramu 1 ya zebaki kwa kilo. Kikopo cha yoghurt hakina karatasi ya kukuambia lolote kati ya haya. Hata yenye karatasi isome: ukikuta mercure au calomel (zote ni zebaki), hydroquinone au clobétasol, irudishe.

Chunusi za miaka 16 zinaletwa na homoni za mwili unaokua. Si uchafu wako. Nawa mara mbili kwa siku, usisugue kwa kitambaa kigumu, usizitumbue, maana kwa ngozi yetu kila chunusi iliyotumbuliwa inaacha doa linalokaa miezi. Acha mafuta mazito ya nywele yasiteremke kwenye paji la uso, waambie wanaokusuka. Badilisha foronya kila wiki. Duka la dawa linalojulikana lina jeli ya benzoili peroksidi. Anza na ile ya nguvu ndogo, safu nyembamba usiku, na ujue inaweza kung'oa rangi ya nguo. Inachukua wiki sita mpaka nane, siyo tatu. Zikiwa kubwa, zenye maumivu ndani, muombe mama akupeleke kwa daktari.

Fondeteni iache kwa sasa. Nukta ya rangi juu ya doa, poda kidogo puani, na sponji lako lioshwe kwa sabuni kila baada ya kutumia. Na rafiki yako asiache krimu ile ghafla bila kuonana na daktari, hasa kama ameipaka mwili mzima. Mwambie leo.

Dada, nilibandika kope za bandia za suare, sherehe ya jioni, Jumamosi, nikalala nazo, nikazing'oa asubuhi. Zimetoka na kope zangu za kweli nusu, na ukingo wa jicho umevimba. Nifanyeje? (Muhumba)

Pole, mdogo wangu. Jicho likiwa na usaha, likiuma mwangani au ukiona ukungu, nenda hospitali leo, usisubiri jibu la gazeti. Kama ni uvimbe tu, kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika tano, mara tatu nne kwa siku, na usiweke wanja wala maskara mpaka pawe pametulia kabisa. Maskara uliyoitumia siku ile itupe. Hata ingekuwa nzima, miezi mitatu ikipita tangu uifungue haifai tena.

Kope zako zitaota kama mzizi haukuumia. Inachukua wiki kadhaa. Siku nyingine, kabla ya kulala, chovya pamba kwenye mafuta ya nazi au ya zeituni, iweke juu ya ukingo na uhesabu mpaka sitini. Gundi italegea, kope itateleza yenyewe. Na gundi ipime siku moja kabla nyuma ya sikio. Kama sikio litawasha, jicho litawaka.